Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kuzungumza na Mwanamke Anayekuja Kuchunguzwa Saratani ya Mlango wa Kizazi

Ukurasa huu ni kwa ajili ya wauguzi, wakunga, matabibu na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaoshiriki katika uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi kwenye vituo vya umma nchini Tanzania. Haufundishi namna ya kushika spekulamu (kifaa cha kufungulia uke ili mlango wa kizazi uonekane) wala kusoma kinachoonekana baada ya kupaka siki. Hayo yana mafunzo yake. Unahusu kile kinachosemwa kabla ya mwanamke kupanda kitandani, wakati amelala pale, na baada ya kuvaa kanga yake na kukaa tena kitini.

Tatizo letu ni upungufu wa vifaa na watumishi. Kwa nini tuhangaike na maneno?

Upungufu ni wa kweli, na hakuna maneno matamu yanayoweza kujaza mtungi wa gesi ya tiba uliokwisha. Hata hivyo, tuangalie mahali wanawake wanapopotelea. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliiweka Tanzania kwenye wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 wa saratani hii na vifo zaidi ya 6,000 kwa mwaka mmoja, ilhali ni saratani ambayo huchukua miaka 15 hadi 20 kutokea kwa mwanamke mwenye kinga imara, na miaka 5 hadi 10 kwa mwenye kinga dhaifu. Muda wa kuizuia upo. Wanaofika hospitali kubwa za Ocean Road, Bugando au KCMC wakiwa wamechelewa hawakuchelewa kwa siku moja. Mmoja alisikia tangazo akadhani haliwahusu wazima, mwingine alipimwa lakini hakuelewa alichoambiwa, na wa tatu alielewa vizuri, akapewa karatasi ya rufaa, akafika nayo nyumbani ikaishia chini ya godoro.

Shirika la Afya Duniani liliweka mwaka 2020 malengo ya kufikiwa ifikapo 2030: asilimia 90 ya wasichana wawe wamepata chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani hii, kabla ya kutimiza miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wawe wamechunguzwa kwa kipimo cha uhakika wakiwa na miaka 35 na tena wakiwa na miaka 45, na asilimia 90 ya waliokutwa na tatizo wawe wametibiwa. Lengo la tatu ndilo linalotegemea zaidi jinsi tunavyozungumza, kwa sababu mwanamke asiyejua kwamba ana jambo la kutibiwa hawezi kurudi kutibiwa.

Nianzeje na mama aliyenizidi umri?

Anza na shikamoo. Muuguzi wa miaka 26 anayemwita mwanamke wa miaka 48 kwa namba ya kadi, kisha akamwagiza avue nguo kabla hata hajaitikiwa marahaba, amekwisha kumfungia mdomo, na maswali ambayo mama huyo alikuja nayo yatarudi nyumbani kama yalivyokuja. Mwite "mama" ikiwa ndivyo wanavyoitana hapo, lakini epuka kumwita "mama nani vile?" kabla hujajua kama ana mtoto; kwa mwanamke aliyehangaika miaka mingi kutafuta ujauzito, swali hilo dogo linaumiza. Mwulize tu: "Ungependa nikuite nani?"

Mazungumzo yafanyike akiwa amevaa nguo zake na amekaa. Mtu aliyelala chali, miguu imepandishwa, anaitikia kila kitu ili amalize ashuke.

Anasema haumwi. Nimweleze vipi?

Kwetu neno "kupima" limeshikamana na kuumwa: mtu ana homa, anapimwa malaria. Ndiyo maana mwanamke asiyeumwa huona ajabu kuitwa kupimwa, na wengine huhisi wameitwa kwa sababu kuna jambo linalojulikana juu yao na halijasemwa. Mweleze hivi: "Mama, leo tunatafuta alama zinazotangulia kansa. Alama hizo haziumi wala hazitoi damu, kwa hiyo mwenyewe huwezi kujua kama unazo. Tukizikuta mapema, mara nyingi tunaziondoa hapahapa." Baada ya hapo taja umri: Shirika la Afya Duniani linapendekeza kuanza uchunguzi miaka 30, na miaka 25 kwa wanaoishi na VVU, ambao hatari yao ya kupata saratani hii ni takribani mara sita ya wanawake wengine.

Asiyeumwa mtofautishe na yule anayesema haumwi kwa sababu hajaulizwa vizuri. Damu inayotoka baada ya tendo la ndoa, damu inayorudi baada ya mwanamke kukoma hedhi, na uchafu wenye harufu usiokoma ni dalili, na mwenye dalili hizo anahitaji kuonwa kama mgonjwa, hata kama siku hiyo ni ya kampeni.

Tuseme saratani au kansa? Mlango wa kizazi au shingo ya kizazi?

Tumia lile analotumia yeye. Watu wengi mitaani husema kansa, kadi zinasema saratani, na hakuna ubaya kutamka yote mawili katika sentensi moja ili ajue ni kitu kimoja. Kuhusu kiungo chenyewe, "mlango wa kizazi" na "shingo ya kizazi" ni mamoja, ila kwa wengi neno linalosikika humo ni "kizazi", na hofu inayoamka ni ya kutolewa kizazi. Chora. Duara la mfuko wa uzazi, njia inayoshuka, na alama ndogo pale chini: "Tunaangalia hapa tu, mlangoni. Chumbani hatuingii."

Nimweleze nini kuhusu uchunguzi wenyewe?

Kila hatua, kabla haijafika. Mwonyeshe spekulamu akiwa bado amekaa, na akitaka aishike. Chuma kisichojulikana kinatisha kuliko kilichoonekana. Mwambie kwamba utakifungua taratibu, kwamba utapaka siki hafifu na kusubiri kama dakika moja, kwamba anaweza kuhisi ubaridi au muwasho mdogo, na kwamba akisema "subiri" utasubiri. Ahadi hiyo ya mwisho usiitoe kama hutaitimiza. Usimwambie "hakuna maumivu kabisa". Wengine huumia kidogo, na aliyedanganywa hapo hatakuamini kwenye majibu. Mwambie pia nani atakuwamo chumbani. Wanafunzi wakiwepo, aulizwe kabla hawajaingia.

Je, ni sawa kusema majibu ni "chanya" au "hasi"?

Hapana, na jibu hili tutalirefusha kwa sababu kosa hili ndilo tunalolikuta mara nyingi.

Katika Kiswahili cha kila siku, chanya ni jambo zuri: mtazamo chanya, maendeleo chanya. Hasi ni baya. Kwenye maabara mambo yamegeuka, chanya ndiyo yenye tatizo. Juu ya hayo, miaka mingi ya upimaji wa VVU imewafanya wengine wasikie "chanya" na kuelewa kitu kimoja tu, yaani kwamba wameambukizwa VVU. Neno moja, basi, linaweza kumfanya mwanamke mmoja afurahi bila sababu na mwingine azimie bila sababu.

Namkumbuka mama mmoja, mchuuzi wa samaki, aliyeambiwa mbele yangu, "Majibu yako ni chanya." Akasema "Alhamdulillahi," akafunga kanga yake, akachukua ndoo aliyoiacha mlangoni, akaondoka. Muuguzi alikuwa ameinamia rejesta akiandika. Alipoinua kichwa kiti kilikuwa kitupu. Ilichukua wiki tatu, pamoja na miguu ya mhudumu wa afya wa mtaa, kumpata tena. Muuguzi yule hakuwa mzembe. Alitamka neno lililochapishwa kwenye fomu.

Fomu ibaki na maneno yake. Mdomo useme yafuatayo. Kama hakuna mabadiliko: "Leo mlango wa kizazi hauna alama tunazozitafuta. Urudi baada ya miaka mitatu," au mapema zaidi kama anaishi na VVU, na mwandikie mwezi na mwaka. Kama kuna mabadiliko: "Nilipopaka siki, sehemu moja imebadilika kuwa nyeupe. Kwa ninavyoiona leo, hiyo si kansa. Ni mabadiliko ambayo yakiachwa miaka mingi yanaweza kuwa kansa, na yana tiba." Kisha nyamaza. Wengi wetu tunaogopa ukimya huo na kuujaza kwa maelezo ya tiba, ilhali mama bado yuko kwenye neno "kansa" na hasikii tena.

Lipo jibu la tatu, la kutiliwa shaka, na hapo usithubutu kusema "si kansa". Wala usiseme "usijali", neno ambalo limewaponza wengi, kwa sababu mtu aliyeambiwa asijali hana haraka ya kupanda basi. Sema unachokijua: "Nimeona kidonda ambacho kwa macho siwezi kukitambua. Inabidi ichukuliwe nyama ndogo ipelekwe maabara, na jambo hili lisizidi wiki hii au ijayo." Mwulize kama yupo mtu ambaye angependa awe naye wakati mnaendelea kuzungumza.

Kipimo cha HPV kimeonyesha ana kirusi. Nimwambieje?

Kwanza, usiseme "una virusi" ukaishia hapo. Katika masikio ya watu, "ana virusi" ni VVU. Taja jina lote, na utenganishe wazi: "Kirusi hiki kinaitwa HPV. Si kile cha UKIMWI, na kipimo hiki hakipimi UKIMWI." Endelea kwamba wengi waliowahi kujamiiana hukipata wakati fulani, kwamba kwa walio wengi mwili hukiondoa wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili, na kwamba tunachofuatilia ni kile kinachogoma kutoka.

Swali litakalofuata, kwa sauti au kwa macho, ni nani amekileta. Jibu la kweli ni kwamba haiwezekani kujua. Kirusi kinaweza kukaa kimya kwa miaka mingi, hata kabla ya ndoa iliyopo, kwa hiyo majibu haya hayathibitishi kwamba mume ametoka nje wala kwamba mke ametoka. Lisemwe hata kama hakuuliza, kwa sababu akifika nyumbani ataulizwa, na afadhali aende na jibu mkononi.

Pale ambapo mwanamke anajichukulia sampuli mwenyewe, mpe maelekezo kwa vitendo, halafu mweleze kwamba kujichukulia si ubahili wa kituo wala dharau. Sampuli ya namna hiyo inakubalika katika kipimo hiki.

Tiba ipo leo, lakini anataka kwanza kumwuliza mume. Tumlazimishe?

Tusimlazimishe, ingawa tunajua kwamba tiba ya siku hiyohiyo huokoa wengi ambao wasingerudi. Kinachosaidia ni kuufanya uamuzi huo uwe mwepesi kuueleza nyumbani. Baada ya tiba mgando (ya kugandisha kwa baridi kali) au tiba ya joto ataombwa kuepuka tendo la ndoa kwa takribani mwezi mmoja, na anaweza kutokwa na majimaji kwa wiki kadhaa. Mume asiyejua haya ataona mke amekwenda hospitali mzima na kurudi na masharti. Akiruhusu, mpigie mume simu hapohapo, au mwalike mara nyingine waje wote. Asiporuhusu, majibu ni yake peke yake, na mume akipiga simu kituoni kuuliza, jibu ni kwamba mwenye majibu ndiye atakayemweleza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya katika kundi linalohitaji uangalizi wa pekee.

Neno la tahadhari kuhusu tiba ya joto: baadhi yetu tumezoea kusema "tunakuchoma kidogo". Mwanamke anayesikia atachomwa huko ndani ana haki ya kukimbia. "Tunagusisha kifaa chenye joto kwa muda mfupi" ni sentensi ndefu zaidi, lakini inambakiza kitini.

Tunatoa rufaa lakini hawafiki. Tufanye nini?

Fikiria rufaa kama safari ya mtu. Karatasi inasema "Rufaa: hospitali ya mkoa". Mama wa kijijini anahitaji kujua jengo gani, siku gani kliniki hiyo hufunguliwa, amwulizie nani, abebe nini, na kama atalala huko. Piga simu hospitali ya mkoa akiwa bado mbele yako, mwandikie siku, na nyuma ya karatasi andika kwa herufi kubwa maneno atakayomwambia mlinzi getini. Getini ndipo wengine hukata tamaa: mlinzi anauliza "unaumwa nini?" mbele ya watu, na mama hana neno la kusema jambo hilo hadharani. Basi mpe neno: "Nimetumwa kliniki ya akina mama, chumba namba fulani."

Halafu zungumza nauli waziwazi. Hata pale uchunguzi ni bure, basi si bure, na siku isiyofanyiwa biashara pia ina gharama yake. Utafiti uliofanyika mikoa ya Kilimanjaro na Arusha na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba wanawake waliotumiwa meseji za kuwahimiza walijitokeza kuchunguzwa zaidi ya wasiotumiwa, na waliotumiwa meseji pamoja na vocha ya nauli wakajitokeza zaidi ya wote. Kituo kisicho na vocha kinaweza angalau kuuliza: "Utapataje nauli?" Mara nyingi swali hilo huibua kaka, kikoba au jirani mwenye pikipiki.

Je, tunaweza kutuma majibu kwa meseji?

Majibu, hapana. Ukumbusho, ndiyo, kwa ridhaa yake na kwa namba aliyoithibitisha. Simu nyingi ni za nyumba nzima, na meseji husomwa na mtoto wa darasa la tano anayemsaidia mama yake kusoma. Kwa hiyo andika bila kutaja ugonjwa wala kiungo: "Habari mama. Tunakukumbusha kufika kliniki Jumanne tarehe 14, saa 3 asubuhi, chumba namba 6. Ukishindwa, tupigie kwa namba hii." Kubalianeni mapema jina litakaloonekana, na kama anapendelea kupigiwa simu, saa ipi yuko peke yake.

Asiyejua kusoma, au asiyesikia Kiswahili vizuri?

Tafuta mkalimani mtu mzima ambaye yeye mwenyewe amemkubali. Mtoto wake asitumiwe, wala mkwe. Kwa asiyesoma, kalenda ya ukutani iliyotiwa alama, au sikukuu iliyo karibu, hufanya kazi nzuri kuliko tarehe.

Akiuliza kuhusu binti yake?

Mjibu siku hiyohiyo, maana hiyo ndiyo nafasi. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14; tangu 2024 hutolewa kwa dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Haiharibu uzazi. Binti aliyechanjwa naye atahitaji kuchunguzwa akifikia umri, kwa sababu chanjo haizuii aina zote za kirusi hicho.

Tuseme ukweli kwamba uchunguzi unaweza kukosea?

Ndiyo, na tuseme kabla ya kosa. Mfano wa kujifunza uko Ireland, katika mpango wa umma uitwao CervicalCheck. Vicky Phelan alipimwa mwaka 2011 akaambiwa hana tatizo; mwaka 2014 akagundulika na saratani. Mapitio ya ndani yalionyesha kwamba jibu la 2011 halikuwa sahihi, lakini yeye hakuambiwa mpaka mwaka 2017. Alikataa kunyamazishwa, na kesi yake ilipomalizika Aprili 2018 ikafichuka kwamba wapo wanawake wengine, jumla 221, ambao majibu yao ya zamani yalipitiwa upya, wengi wao bila kuelezwa. Phelan alifariki Novemba 2022, na mwaka uliofuata nchi hiyo ikapitisha sheria ya kuwalazimu watoa huduma kumweleza mgonjwa yanapotokea makosa makubwa. Hakuna kipimo cha uchunguzi kisichopitiwa na jambo, na wananchi wanaweza kulielewa hilo wakielezwa. Kilichowakasirisha watu zaidi ni kufichwa.

Kwetu inatosha sentensi mbili siku ya majibu: "Kipimo hiki ni kizuri, lakini kinaweza kupitwa na jambo. Ukiona damu isiyo ya kawaida kabla ya tarehe yako, usisubiri tarehe."

Siku gesi imeisha au mashine imeharibika tuwaambie nini waliosubiri tangu asubuhi?

Waambieni mapema, kwa sauti, na mtu mwenye cheo ndiye aseme. Aliyeambiwa saa mbili asubuhi anaweza kukasirika na kurudi wiki ijayo. Aliyeambiwa saa nane mchana harudi, tena anakwenda kuwasimulia wenzake kisimani.

Nitajuaje kwamba ameelewa?

Swali "umeelewa?" lina jibu moja tu katika utamaduni wetu, nalo ni "ndiyo, nimeelewa, asante." Jaribu hivi: "Mama, nataka kujua kama nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani dada yako akakuuliza wamekwambia nini, utamjibu nini?" Mzigo unakuwa juu yako, si juu yake. Msikilize mpaka mwisho bila kumkatiza. Akisema "wameniambia nina kansa" au "wameniambia sina chochote", rudia kwa maneno mengine, kisha mwulize tena. Kazi hii huchukua kama dakika mbili. Kwenye rejesta, pembeni ya safu ya majibu, baadhi ya vituo huandika kwa kalamu maneno ya mama mwenyewe, kwa mfano: "Kidoa cheupe, si kansa, narudi Jumanne." Anayemhudumia Jumanne hiyo anajua aanzie wapi.